Maili Zetu, Kitanda Chao

Waandishi wenzangu, leo tuache kidogo ugomvi wetu wa vina na mizani. Nina jambo la kitanda. Kitanda chenyewe kiko angani, juu ya Sahara, usiku wa manane. Kimenyooka, kina shuka safi na mto mnene, na anayekoroma juu yake ni yule jamaa mnayemsifu kijiweni: "Kaenda Ulaya bizinesi, hajatoa hata senti tano! Maili tu, bwana!" Nanyi mnapiga makofi. Mie nakataa kupiga.

Nakataa kwa kuwa jikoni nimeingia, moshi wake naujua. Kabla sijaanza kusumbuana na hadithi fupi, nilikata tiketi miaka minne katika ofisi moja ya wakala wa usafiri hapa Dar es Salaam. Jina la ofisi halina kazi hapa. Siku moja akaja bwana mkubwa wa mradi fulani wa maji vijijini. Ana safari ya Geneva, mkutano wa siku tatu. Utaratibu wao ulitaka zipatikane bei tatu, ofisi ichague iliyo nafuu. Nikazitafuta. Ya chini ilipishana na ya juu kwa mamia ya dola. Mzee akainama dirishani, akanong'ona: "Kijana, hiyo ya chini andika imejaa."

"Lakini mzee, nafasi zipo."

Akatoa kadi ya rangi ya fedha, akaigonga kwenye kioo. "Ndege hiyo hainipi maili."

Nikaandika imejaa. Ndiyo, niliandika, kwa mkono huu huu unaoandika makala haya. Kodi ya chumba ilikuwa imefika, na mzee alikuwa mteja mzuri. Mamia yale ya dola yalitoka kwenye fungu la maji. Zingenunuliwa bomba ngapi, mie si fundi, sijui. Ila najua kisima hakichimbwi kwa maili.

Baada ya mwaka hivi akarudi na familia. Wanataka London, watu watatu, bizinesi, kwa maili. Akaniomba nimsaidie kuwinda viti, na hapo ndipo nilipoijua sanaa yenyewe. Maana ni sanaa, tusidanganyane. Si kila kiti kitupu kinachouzwa kwa maili. Shirika hutenga viti vichache. Vingine hufunguliwa karibu mwaka mzima kabla ya safari, vingine hutolewa siku za mwisho likiona havinunuliki. Mwindaji huvizia nyakati hizo mbili. Anajua pia kwamba maili za shirika moja hununua kiti cha shirika mwenza: za Ethiopian zaweza kukupandisha Lufthansa, kwa kuwa wote wamo Star Alliance, nao Kenya Airways wamo SkyTeam pamoja na Air France na KLM. Tena hukwepa mashirika yanayobandika tozo ya mafuta, maana tiketi hiyo ya "bure" yaweza kudai mamia ya dola kabla hujakanyaga ngazi ya ndege. Na huzitumia maili zake bizinesi, hazipotezi kwenye viti vya nyuma, kwa sababu huko mbele bei ya pesa taslimu huwa mara tatu au nne, lakini bei ya maili mara nyingi haipandi kiasi hicho.

Ujanja huo siuchukii. Mwaka 1999 Mmarekani mmoja, David Phillips, mhandisi wa California, aligundua kwamba kampuni moja ya vyakula inatoa maili kwa lebo za bidhaa zake. Akanunua vikopo 12,150 vya pudini, akatumia dola 3,000 na ushei, akajipatia maili zaidi ya milioni moja. Pudini yenyewe akawapa Salvation Army, nao wakamsaidia kubandua lebo. Huyo namvulia kofia! Alitumia pesa zake, jasho lake, na maskini wakala pudini.

Huyu wetu je? Katoa nini?

Hebu tutazame maili zinavyozaliwa. American Airlines ilipoanzisha mpango wake mwaka 1981, hesabu ilikuwa ya umbali: umeruka maili mia, umeandikiwa maili mia. Jina likabaki, mambo yakageuka. Delta na United walibadili mwaka 2015, American wakafuata mwaka 2016: sasa maili za kutumia huhesabiwa kwa pesa iliyolipwa. Tiketi ghali, maili nyingi. Tiketi rahisi, maili kiduchu. Msomaji, soma sentensi hiyo mara mbili. Kama tiketi unajilipia, hayo ni punguzo, na heri yako. Kama analipa mwingine, basi kila dola unayomwongezea mzigo yeye, wewe unapewa kamisheni. Ndo biashara ilivyo. Shirika la ndege linamzawadia mtumwa kwa kutoihurumia mfuko wa aliyemtuma.

Na siye tuna neno letu kwa mambo kama haya: takrima. Sheria ya uchaguzi iliiruhusu mwaka 2000, ikaitwa ukarimu wa Kiafrika, hadi Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Fulana na pilau ya mgombea tuliijua ni nini. Mbona kitanda cha angani hatukijui?

Nawasikia mkinijibu. Mnasema: ah, maili si pesa, ni vijinamba tu. Ati vijinamba! Mwaka 2020, korona ilipozishusha ndege chini, United waliuchukua mpango wao wa maili wakauweka rehani, wakapata dola bilioni 6.8. Delta nao wakapata bilioni 9 kwa njia hiyo hiyo. Nitajieni benki inayokopesha mabilioni kwa vijinamba.

Mnasema: lakini mtu anateseka safarini, yuko mbali na wanawe, mwacheni apate chochote. Anapata! Anaitwa posho ya safari, na masurufu amesaini kabla hajafunga begi. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, tumezoea kusema. Huyu kamba yake tumeifikisha Geneva, bado anataka na ya mwenzake.

Mnasema: hata wakubwa wa dunia wanafanya. Kweli, Marekani iliwaruhusu watumishi wa serikali kuu kubaki na maili zao kwa sheria ya mwishoni mwa 2001. Lakini Ujerumani, mwaka 2002, ilipojulikana kwamba wanasiasa walitumia kwa safari zao binafsi maili walizozipata kwa safari za Bunge, Gregor Gysi alijiuzulu useneta wa uchumi wa jiji la Berlin. Kiti kizima cha madaraka, kwa ajili ya maili! Hapa kwetu jambo hilo hata kwenye fomu halina mstari.

Basi mstari uwekwe. Anayesafiri kwa pesa ya umma au ya mradi aandike namba yake ya maili pale pale anaporejesha masurufu, na maili hizo zinunue safari ijayo ya ofisi. Haiwezekani? Mashirika yenyewe yana mipango inayoipa kampuni pointi zake. Emirates wanayo, Air France na KLM wanayo. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza kwenye kikao, na kikao chenyewe kimejaa wenye kadi za fedha.

Sasa mtasema haya yanahusu nini jarida la waandishi. Yanatuhusu sana. Kwanza, kesho mwalikwa ni wewe. Mie nilialikwa warsha ya waandishi Kampala, tiketi kalipa mfadhili. Dada wa kaunta akaniuliza: "Una namba ya maili?" Nikaitaja haraka haraka, kama niliyekuwa naingoja. Nilipokaa kitini ndipo nikamkumbuka mzee wa kisima. Maili zenyewe hazitoshi hata kunifikisha Mwanza, lakini nimewaandikia waandaaji: ni zenu. Hawajajibu. Nadhani wamenicheka.

Pili, hadithi zetu zimechelewa. Kila mswada ninaosomewa pale kijiweni, fisadi bado ni yule yule: kitambi, Pajero, nyumba ndogo Sinza. Wa leo ni mwembamba, anakimbia asubuhi ufukweni, hajawahi kugusa bahasha. Ana kadi tu. Na pembeni yake yupo kijana wa dirishani, kodi imemfika, kalamu iko juu ya karatasi.

Mwandikeni huyo kijana. Na msimwonee huruma.