Ukaribu wa Mji Si Huduma

Imani moja imekita mizizi katika vikao vyetu vya bajeti: kwamba kijiji kilicho jirani na mji hakihitaji huduma zake. Ruiru iko pale, Thika iko mbele kidogo, lami imefika, simu kila mtu anayo. Sasa watu wa Gatongora, hapa Kiambu, wanadai ya nini zahanati isiyoishiwa dawa, au karani wa kuwasajili palepale wanapoishi? Imani hii ni potofu, na mzigo wake wanaubeba wanyonge.

Mahali pengine huduma hufungwa kwa kukosa watu. Hapa kisingizio hicho hakipo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,417,735 katika Kaunti ya Kiambu, ya pili nchini baada ya Nairobi. Mashamba ya kahawa yaliyouzunguka mji ulioipa jina lake kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, yanazidi kugeuka ploti na nyumba za kupangisha. Watu wanafurika. Barabara kuu ya Thika, iliyokamilika 2012, inawapeleka kazini alfajiri na kuwarudisha usiku. Lakini barabara haimdungi mtoto chanjo wala haimpimi mjamzito shinikizo la damu. Mgonjwa asiye na nauli huiangalia tu ikipita.

Nayo simu? Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya mfuko wa bima ya afya wa NHIF. Mfikirie shosho wa miaka sabini anayetaka kujiandikisha. Namba ya siri inatumwa kwa simu, na simu iliyosajiliwa kwa jina lake iko kwa mjukuu aliye Nairobi. Ikipatikana, yanafuata maswali ya kupima uwezo wa kaya: paa la nyumba ni la nini, choo ni cha aina gani, maji yanatoka wapi. Majibu hayo ndiyo yanayoamua mchango wake, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, nao hulipwa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Shosho anapanda bodaboda hadi saiba, kijana asiyemjua anamjazia haraka haraka kwa sababu foleni ni ndefu, na kosa moja la kubonyeza linamkadiria kama mtu mwenye mali. Karani wa kijijini angemwuliza kwa Kikuyu, angesubiri jibu, na paa lenyewe angekuwa analijua.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Ibara ya 7 ya Katiba inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za watu wa Kenya. Hailindwi lugha kwa sherehe za utamaduni pekee. Inalindwa inapotumika dirishani, kwenye kadi ya kliniki na mezani kwa chifu. Waayalandi wamelijua hilo kwa uchungu. Katika maeneo ya Gaeltacht, ambako Kiayalandi bado ni lugha ya nyumbani, shule au posta ikifungwa, lugha nayo hupoteza mahali pa kusemwa. Ndiyo maana mwaka 1980 waliunda Údarás na Gaeltachta, chombo cha umma kinachoshughulikia ajira na lugha kwa pamoja. Kule wanapigania vijiji ambavyo vijana wanavihama. Sisi tunavipuuza vijiji ambavyo watu wanavihamia.

Nitaambiwa fedha hazitoshi, na ni nafuu kukusanya kila kitu mjini. Nafuu kwa nani? Gharama ile haijapungua, imehamishwa tu. Imetoka kwenye vitabu vya kaunti ikaingia kwenye kibeti cha mama anayelipa nauli kwenda na kurudi, akapoteza kibarua cha siku, kisha akaambiwa arudi Jumatatu.

Wala hatuombi hisani. Ibara ya 6 ya Katiba inaiamuru serikali ya kitaifa ihakikishe huduma zake zinafikika ipasavyo katika kila sehemu ya Jamhuri. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataja msimamizi wa wadi, msimamizi wa kijiji na baraza la kijiji. Ngazi hizo ziliwekwa ili mwananchi asifunge safari kutafuta serikali yake.

Kwa hiyo madai yawe mahususi. Karani wa usajili aketi kijijini siku mbili kwa wiki, ratiba yake ibandikwe mlangoni, naye awe anakijua Kikuyu na Kiswahili. Zahanati ipewe dawa kulingana na idadi ya watu waliopo leo. Mpango wa maendeleo wa kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Wakazi wa Gatongora wafike kwenye vikao vya maoni kabla ya tarehe hizo, madai yakiwa yameandikwa, na kiongozi atakayewajibu kwamba Ruiru iko karibu aonyeshwe Sheria ya Serikali za Kaunti na atakiwe kujibu kwa maandishi.