Mimba, mtoto mdogo na safari ya nje: tuhesabu miezi kwanza



Masomo yanakaribia kufungwa, na katika vikundi vyetu vya Lubumbashi maneno ya safari yameanza. Mmoja anakwenda Kitwe kumwona dada yake, mwingine anapeleka watoto Lusaka kwa baba yao, mwingine ameitwa Dar es Salaam kwa arusi ya shemeji. Wiki iliyopita, mkutano ulipokwisha, mama mmoja aliuliza swali ambalo wengi hulibeba moyoni bila kulitoa: "Niko na mimba ya miezi saba na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Jamaa ya bwana imeamua twende wote Dar es Salaam kwa barabara. Tikiti zimekwisha kulipwa. Nikikataa, watasema ninawadharau. Nifanye nini?"

Wiki hii tunalijibu kwa ajili ya wote. Siku ya safari ya mama mwenye mimba haipangwi na arusi, wala matanga, wala tikiti. Inapangwa na miezi ya mimba pamoja na neno la mkunga anayekupima. Mengine yote yafuate nyuma.

Hesabu ya miezi

Miezi mitatu ya kwanza si mizuri kwa njia ndefu. Kichefuchefu na uchovu ni vingi, na mimba nyingi zinazotoka hutoka katika wakati huo, hata mama akiwa amekaa nyumbani. Mwezi wa nne mpaka wa sita ndio wakati mwepesi: mwili umezoea, tumbo halijawa zito, na siku ya kuzaa ingali mbali. Kuanzia mwezi wa saba, kila kilomita inayokutenga na hospitali ina maana yake.

Makampuni ya ndege yanajua jambo hilo. Mengi huomba barua ya muganga kuanzia wiki 28, na kwa kawaida hayampandishi mama mwenye mimba ya mtoto mmoja akipita wiki 36. Kwa mapacha hukataa mapema zaidi, mara nyingi wiki 32. Lakini basi haliulizi kitu. Ukilipa, unapanda. Ndiyo sababu swali hilo lazima tujiulize sisi wenyewe nyumbani.

Tuitazame ile njia. Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni karibu kilomita 90. Ukivuka, unapita Chililabombwe, Chingola, Kitwe na Ndola, miji iliyo karibu karibu na yenye hospitali. Mama wa miezi mitano mwenye afya njema anaweza kufika Ndola, akapumzika, akarudi. Lakini baada ya Kapiri Mposhi, njia ya kwenda Nakonde na Tunduma ni mamia ya kilomita, na kutoka Serenje hadi Mpika, kutoka Mpika hadi Isoka, mji na mji viko mbali. Uchungu ukikushika usiku wa manane katikati ya Serenje na Mpika, na mtoto mwingine amelala mapajani, utamwita nani? Na ukifika Tunduma, bado Tanzania nzima iko mbele yako mpaka baharini. Kwa mimba ya miezi saba, jibu letu kwa safari hiyo ya barabara ni hapana.

Na kuna wamama ambao hata mwezi wa tano hawapaswi kuondoka bila kusema na muganga: aliyepasuliwa katika uzazi uliopita, mwenye mapacha, aliyeona damu katika mimba hii, mwenye tansio, na aliyekwisha kupoteza mimba au kuzaa kabla ya wakati.

Namna ya kusema hapana nyumbani

Tunajua kwamba ugumu haupo katika hesabu. Ugumu ni kumwambia bwana, na zaidi kumwambia mama mkwe. Mwanamke akisema "sitaenda", wanasikia kiburi. Basi usilibebe neno hilo peke yako. Mwombe baba wa watoto akusindikize siku ya CPN, na mkunga aseme mbele yake: mimba ina wiki ngapi, siku inayongojewa ni ipi, na safari hii ina hatari gani. Akisikia kwa mkunga, atalipeleka kwa jamaa yake kama neno lake mwenyewe. Mama mkwe akisikia kwa mwanawe, hataona kwamba umemkataa.

Kisha toeni kitu mahali pa safari. Bwana anaweza kwenda mwenyewe na zawadi ya watu wote. Zawadi inaweza kusafiri bila tumbo. Kama tikiti imelipwa, mwulizeni mwenye basi mapema kama anaweza kuigeuza tarehe au kuiandika kwa jina la mtu mwingine. Hata ikipotea, feza ya tikiti itatafutwa tena.

Kwa mama anayeruhusiwa kusafiri: karatasi

Mkunga akikubali, anza na karatasi mwezi mmoja mbele, maana mpakani machozi ya mtoto hayafungui kizuizi.

Kila mtoto awe na hati yake ya safari na cheti chake cha kuzaliwa. Wengi wetu tunaishia kwenye karatasi ya maternite tukidhani ndiyo cheti. Sivyo. Sheria yetu ya jamaa inatupatia siku 90 baada ya kuzaliwa ili kumwandikisha mtoto kwa ofisi ya etasivili kwenye komine. Ukichelewa, unapelekwa kwenye tribinali, na hapo kuna gharama na siku nyingi za kungoja. Mama mwenye mtoto mchanga, fanya jambo hilo hata kama huna safari.

Kama unasafiri na watoto bila baba yao, aandike barua ya kukubali, yenye majina ya watoto, mahali mnapokwenda na siku ya kurudi, na ipigwe muhuri kwenye komine. Mtu wa mpakani hakujui. Anayemwiba mtoto naye husema "ni wangu".

Karti ya njano ndiyo inayowasumbua wengi. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutumika katika karti siku 10 baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 inadumu maisha yote, kwa hiyo ukiwa na karti ya zamani usinunue mpya kwa sababu mtu amekuogopesha. Watoto wetu huchanjwa wakifika miezi 9, lakini mara nyingi chanjo hiyo huandikwa katika karti ya kliniki tu. Uliza mapema namna ya kuipata katika kijitabu cha kimataifa. Na wewe mwenye mimba, usikubali sindano hiyo haraka haraka mpakani. Kwa kawaida mama mwenye mimba haipewi, isipokuwa muganga akiona hatari ya ugonjwa ni kubwa. Yeye anaweza kukuandikia katika kijitabu kwamba umesamehewa kwa sababu ya afya. Kama unanyonyesha mtoto aliye chini ya miezi 9, mwambie muganga vilevile kabla ya kuchanjwa.

Mwisho, chukua karti yako ya CPN. Lakini kumbuka: yetu imeandikwa kwa Kifaransa, na mkunga wa Ndola anasoma Kiingereza. Mtafute mwalimu au kijana anayejua lugha hiyo, akuandikie kwa karatasi moja: siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, siku inayongojewa ya kuzaa, aina ya damu yako, dawa unazomeza, na namna ulivyozaa mara zilizopita. Karatasi hiyo ikae mwilini mwako, isikae katika mizigo iliyo juu ya basi.

Njiani

Wamama wengi huacha kunywa maji ili wasisumbuke na choo. Ni desturi mbaya kwa mwenye mimba. Mkojo unaozuiliwa huleta ugonjwa, na mwili usio na maji huchoka. Kukaa saa nyingi bila kusogea pia kunaweza kugandisha damu miguuni, na mimba huongeza hatari hiyo. Kunywa kidogo kidogo, chezesha nyayo ukiwa umekaa, na kila basi linaposimama shuka utembee. Mwambie dereva tangu mwanzo kwamba una mimba. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikupungua ghafla, tafuta hospitali.

Kama gari lina mkanda, ufunge. Sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Ile ya juu ipite katikati ya matiti. Usipitishe mkanda juu ya tumbo lenyewe.

Malaria haina mpaka. Kabla ya kuondoka, hakikisha umemeza ile dawa ya kukinga malaria inayotolewa CPN kila mwezi kuanzia mwezi wa nne, na ubebe mustikere yako, hata kama unakwenda kwa watu wenye nyumba nzuri. Homa katika mimba haingoji kesho. Na ukinunua dawa yoyote huko ugenini, sema kwanza kwamba una mimba.

Yule mtoto wa mgongoni

Mtoto wa mwaka mmoja au miwili ndiye anayeteseka kimya. Mama akishika mimba, jamaa husema: mwachishe ziwa mara moja, maziwa yameharibika. Hayaharibiki. Kama mimba inaendelea vizuri na mkunga hajakukataza, unaweza kuendelea kumnyonyesha. Kumwachisha ghafla wiki ya safari ni vibaya zaidi: mtoto anapoteza ziwa, anapewa chakula cha barabarani na maji asiyoyajua, na kuhara kunaanza.

Mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji kitu zaidi ya ziwa, hata maji, hata jua likiwa kali. Mkubwa zaidi mbebee maji yaliyochemshwa, ndizi za kumenya mwenyewe, mayai yaliyochemshwa asubuhi ile, na uji wa moto katika termos. Sabuni ikae karibu, maana kolera tunaijua pande zote mbili za mpaka. Weka pakiti za SRO katika mfuko wa mkononi. Zikikosekana, chukua litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa bila kilima, umpe kidogo kidogo. Akiwa hawezi kunywa, macho yameingia ndani, au kuna damu katika choo, hilo ni jambo la hospitali.

Na nani atambeba? Tuseme wazi: baba. Mama wa miezi mitano akiwa na mtoto mgongoni, kibegi kichwani na mwingine mkononi, huku bwana akitembea mbele na simu, hayo hayafai. Kuna wanaume wanaoogopa kuchekwa wakifunga mtoto na kitenge. Amshike basi mkononi, au ambebe mabegani, mtoto atafurahi. Jambo hilo mpatane nyumbani, si mbele ya watu wa dowane.

Alama za kusimamisha safari

Ukiona moja ya hizi, mahali popote ulipo, nenda hospitali iliyo karibu:

– damu ukeni, hata kidogo;
– maji kuvunjika, au tumbo kukaza na kuuma kila mara;
– kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba;
– homa;
– kifafa au kuzimia;
– mtoto aliyekuwa anacheza tumboni kunyamaza.

Kama kuzaa kukikukuta nje, omba karatasi ya kuzaliwa ya huko kabla hujaondoka, kisha uipeleke kwa ubalozi wetu au konsula. Mtoto ni Mkongomani akiwa na baba au mama Mkongomani. Sheria ya uraia ya mwaka 2004 inasema hivyo, na mama peke yake anatosha.

Kazi ya vikundi wiki hii

Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika mkutano ujao, kila kikundi kiulize: nani ana mimba, ya miezi mingapi, na ana safari gani mbele yake? Anayesafiri aache kwa rais wa kikundi namba ya simu ya mtu atakayempokea. Na wenye likelemba wafikiri kutenga sehemu ndogo kwa ajili ya mama anayekwama njiani au hospitalini, ili asingoje bwana akope kwanza.

Na kama katika kikundi chako kuna mama aliyeamua kubaki, msimwache peke yake siku wengine wanapoondoka. Pita kwake jioni, umsaidie kuteka maji, ukae naye kidogo.

Mungu atupe kuonana tena wiki ijayo.