Mpeni Kijana Joka

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Sisi tunaosoma Kiswahili chuoni tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini swali lililobaki ni hili: watoto hao tutawapa nini wasome? Jibu ninalolisikia katika idara zetu ni lile lile kila mwaka. Wapewe vitabu vyenye mafunzo. Wapewe vitabu vinavyotahiniwa. Kitabu kwetu kimekuwa kama dawa ya minyoo: meza, usiulize ladha.

Mimi nasema wapewe joka. Tena nataja kitabu chenyewe: A Wizard of Earthsea, riwaya ya Mmarekani Ursula K. Le Guin iliyotoka mwaka 1968. Kiko kwa Kiingereza, lugha ambayo vijana wetu wa sekondari wanaisoma tayari, na si kinene. Kinasimulia habari za Ged, mtoto wa mhunzi, mchunga mbuzi aliyefiwa na mama kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Anagundua kwamba ana kipaji cha maneno yenye nguvu, anapelekwa shuleni katika kisiwa cha Roke, na huko, kwa kiburi na kwa kutaka kumwonyesha mwenzake kwamba yeye ni zaidi, anaachilia kivuli kinachomwinda kuanzia siku hiyo.

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza ni kwamba habari za majoka ni za kitoto. Mhadhiri mmoja aliwahi kutuambia darasani kwamba fasihi ya kweli huanza pale mazimwi yanapoishia. Kwa heshima zote, sikubaliani naye. Shaaban Robert aliiweka nchi yake ya Kusadikika angani mwaka 1951, na hakuna anayeiita ya kitoto, tunaifanyia mtihani. Katika Adili na Nduguze kuna majini, na kuna watu waliogeuzwa manyani. Katika ngano za Unguja zilizochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 yumo paka wa Sultani Majnuni, anayekula mifugo ya watu huku sultani akimtetea, mpaka siku anapowala wana wa sultani mwenyewe na kuitwa nunda. Anayedhani hiyo ni habari ya paka tu hajawahi kutawaliwa. Basi ikiwa nunda ni fasihi, joka limekosa nini?

Pingamizi ya pili ni kwamba joka si letu, ni la Wazungu. Wenzangu Waganda, mmemsahau Bemba? Simulizi za Buganda zinasema kwamba kabla ya Kintu alitawala Bemba Musota, yaani Bemba Nyoka, na kwamba kilichomwangusha ni hila ya kobe, aliyemshawishi akubali kukatwa kichwa. Taifa zima linaanza na nyoka mtawala, halafu tunaambiwa nyoka mkubwa ni mgeni! Isitoshe, Ged mwenyewe si Mzungu. Le Guin alimpa ngozi ya rangi ya kahawia nyekundu, na rafiki yake mkubwa Vetch ni mweusi. Weupe katika kitabu hicho ni Wakargi, wavamizi wanaokuja kuchoma kijiji chake. Mwaka 2004 kampuni ya televisheni huko Marekani ilipotengeneza filamu ya Earthsea na kumfanya Ged mweupe, Le Guin alipinga waziwazi kwa maandishi. Yeye alilinda rangi ya mhusika wake. Sisi hatujafika hata kumfungua tukamwona.

Ya tatu ni ya wazazi na wahubiri: kitabu kina uchawi. Hapa naomba sisi wa Kiswahili tusikilizwe, maana tatizo ni la tafsiri. Tukikiita Mchawi wa Earthsea, tumekiua kabla hakijafunguliwa. Kwetu mchawi ni mtu anayeroga, anayedhuru usiku. Ged anapomaliza masomo anaajiriwa na wavuvi. Anazisemea mashua zao zisivuje, anatibu watoto, na mtoto wa rafiki yake anapofariki mikononi mwake anakaribia kufa naye kwa kujaribu kumrudisha. Huyo kwa Kiswahili ni mganga. Na nguvu za giza anazozigusa mara moja kwa majivuno zinamgharimu karibu kila ukurasa unaofuata. Sijaona hubiri linaloonya vijana dhidi ya majivuno kwa ukali kama huo.

Sasa nije kwenye joka lenyewe. Karibu na visiwa vya wavuvi hao kuna kisiwa cha Pendor, na juu yake joka la zamani lenye watoto wanaokua na kuanza kuona njaa. Ged, kijana asiyefika miaka ishirini, anakwenda peke yake kwa mashua. Anawaua baadhi ya watoto wa joka, kisha anasimama mbele ya joka kuu akiwa na silaha moja tu, nayo ni neno. Amekisia jina la kweli la joka hilo, Yevaud. Amelikisia kutokana na historia za kale alizozisoma. Kijana aliyesoma ameokoa watu kwa sababu alisoma! Tena shuleni Roke alikaa katika mnara wa upweke akikariri orodha za majina, na wino wa orodha hizo ulifutika usiku wa manane. Mwanafunzi yeyote wa Uganda aliyekesha na ngeli za Kiswahili atajiona humo.

Lakini kinachonifanya nikipendekeze ni kinachofuata. Joka linamwambia Ged kwamba linaweza kumpa jina la kivuli kinachomwinda. Kwa jina hilo atapona. Bei yake ni kuacha ulinzi wa wavuvi maskini waliomwajiri. Ged anatamani, na msomaji anatamani naye, kisha anachagua wavuvi. Analiapisha joka lisiruke tena kuelekea kwa watu wake, na anaondoka akiwa bado anawindwa. Nchi zetu zina wasomi wangapi walioambiwa chagua, usalama wako au wa waliokutuma, wakachagua wao? Kijana akutane na swali hilo akiwa na miaka kumi na minne, kabla ya kukutana nalo ofisini.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Wanafunzi wenzangu, mpeni mdogo wenu kitabu hiki wakati wa likizo, na akirudi msimwulize dhamira ni zipi. Mwulizeni kama yeye angelikubali lile pendekezo la joka. Walimu wetu, ruhusuni sura ya Pendor iwe zoezi la tafsiri katika mwaka wa tatu. Kuna kazi ya kweli humo. Joka ni nyoka aliyekuzwa, na ukubwa humpeleka kwenye li- na ya-; je, joka linalojadiliana na binadamu, linalojua mengi kuliko yeye, litasema au atasema? Tubishane juu ya hilo darasani. Mtoto atakayelazimishwa kusoma Kiswahili kesho anahitaji kukuta ndani yake kitu ambacho angekisoma bila kulazimishwa, na sisi ndio tuliojifunza kazi ya kukiandaa.