AFYA YA NYUMBA: Ukuta Uliomo Katika Korodani

Kwa wasomaji wengi, neno korodani ni la kunong'onezwa. Juma hili tutalitaja waziwazi, kwani jambo lenyewe lahusu uzazi, na uzazi ni wa nyumba nzima.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wa Ulaya waliwadunga panya wa maabara sindano za rangi, wapate kuona itafika wapi. Rangi ilienea karibu mwili wote. Ila ubongo, pamoja na vile vijimrija vya korodani ambamo mbegu za kiume hutengenezwa, haikuviingia. Kizuizi chenyewe kilionekana dhahiri mwaka 1970, pale Martin Dym na Don Fawcett walipoichunguza korodani ya panya kwa hadubini ya elektroni huko Marekani. Chembe hai kubwa zinazozilea mbegu, ambazo Mwitalia Enrico Sertoli alikwisha kuzieleza mwaka 1865, zimeshikamana ubavu kwa ubavu mithili ya matofali yaliyotiwa saruji, hata vitu vingi vya damuni visipate pa kupenya.

Ukuta huu ni wa nini? Mbegu za kiume huanza kutokea mwili ukipevuka, wakati ambapo kinga ya mwili imekwisha kujifunza zamani kumtambua mwenyeji na mgeni. Kwa kinga hiyo mbegu ni wageni, na zikikutana nayo huweza kushambuliwa. Panya huzaliwa hana ukuta huu. Hukamilika apatapo umri wa siku 15 hadi 20 hivi.

Hapa pana fumbo zuri. Chembe mama, zinazozaa mbegu, zakaa nje ya ukuta, upande wa damu, na watoto wake sharti waingie ndani. Watapitaje bila kuacha tundu? Ukuta mpya hujengwa kwanza nyuma yao, ndipo ule wa zamani ulio mbele yao huachia, kama zizi la malango mawili ambalo mchungaji hafungui la ndani kabla hajafunga la nje. Mwashi yeyote angeona kijicho.

Hata hivyo ukuta huu si ngome. Majaribio ya panya yaliyotangazwa mwaka 1975 yalionyesha kuwa vitu vikubwa vinavyoyeyuka katika maji huzuiwa, bali vile vidogo, hasa vinavyoyeyuka katika mafuta, hupenya upesi. Pombe ni miongoni mwa vipenyavyo. Na yapo madini yanayobomoa: mwaka 1957 Jiří Pařízek wa Chekoslovakia alieleza jinsi sindano ya kadimi inavyoziua korodani za panya, na jinsi zinki ikitangulia kutiwa inavyoziokoa. Kweli, panya si mtu, na sindano si chakula. Lakini kumpuuza panya kwa sababu hiyo ni kosa lililokwisha kuwagharimu watu.

Ilikuwako dawa ya kuua minyoo ya mizizi mashambani, dibromokloropropani kwa jina. Mwaka 1961 ilichapishwa habari kwamba panya walioivuta hewani korodani zao zilisinyaa. Dawa ikaendelea kutengenezwa na kuuzwa. Mwaka 1977, katika kiwanda kimoja cha California, wafanyakazi walianza kuulizana mbona hakuna anayepata mtoto. Walipopimwa, wengi walikutwa na mbegu haba, na wengine hawana hata moja. Miaka 16 ilikuwa imepita tangu panya waseme. Mwaka 1979 Marekani iliipiga marufuku kwa matumizi karibu yote, isipokuwa katika mashamba ya mananasi ya Hawaii, yaliyoruhusiwa kuitumia kwa miaka kadhaa zaidi.

Ukuta haukuwafaa wanaume wale, kwani sumu hii huzipiga chembe mama zenyewe, ambazo, kama tulivyosema, zimelala nje. Mbegu zilizomo ndani zikiisha kutoka, hakuna wa kuzifuata.

Ni mara ngapi mke huandamwa na mawifi kwa utasa, akanyweshwa mizizi ya kila namna, na mume asipimwe hata siku moja! Pale California kipimo cha waume ndicho kilichoifichua sumu. Baadhi yao, baada ya kuondolewa penye dawa, mbegu zilirudi wakapata watoto. Wengi wa wale waliokutwa hawana kabisa, baada ya kuifanyia kazi miaka mingi, hazikurudi tena.