Sukari inapopanda wakati wa mimba



Swali hili tumeulizwa mara nyingi, kliniki na hata nje ya kanisa baada ya ibada ya akina mama: "Mimi sijawahi kuugua kisukari, na ukoo wetu hauna mwenye kisukari. Nimekipata wapi ghafula katika mimba ya tatu?" Wengine huuliza huku wakihofia kuwa wamerogwa. Wengine hudhani ni adhabu kwa sababu walipenda soda. Si uchawi wala si adhabu. Jambo lenyewe huanzia kwenye kondo la nyuma.

Nyuma ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho. Kongosho hutoa insulini, nayo insulini ndiyo inayoiwezesha sukari itoke katika damu na kuingia mwilini ikatumike. Mimba inapokaribia miezi sita, kondo hutoa homoni nyingi zinazopunguza nguvu ya insulini ya mama, ili mtoto asikose sukari ya kukulia. Kwa akina mama wengi kongosho huitikia kwa kutoa insulini mara mbili na zaidi ya ile ya kawaida, na mambo yakaenda salama. Kwa wengine kongosho hushindwa kufuata mwendo huo, na sukari ikabaki katika damu. Hicho ndicho kisukari cha mimba.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Sukari ya mama huvuka kondo na kumfikia mtoto, lakini insulini ya mama haivuki. Mtoto anaponyweshwa sukari nyingi namna hiyo hulazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe kwa wingi, nayo humnenepesha, hasa mabegani na tumboni. Ndiyo maana mama mkwe hufurahi kuona mtoto wa kilo nne na nusu, ilhali mkunga ana wasiwasi. Kichwa kinaweza kutoka na bega likakwama. Tena mtoto huyo akishakatwa kitovu, sukari ya mama imekatika, lakini insulini yake bado ni nyingi, kwa hiyo sukari yake hushuka ghafula katika saa za kwanza. Anaweza kutetemeka, akalegea, akakataa kunyonya. Kisukari kisichotunzwa humletea mama pia shinikizo la damu na kifafa cha mimba, na huongeza hatari ya mtoto kufia tumboni siku za mwisho.

Ugonjwa huu haupigi hodi. Mama wengi hawasikii lolote, na kiu au kukojoa mara kwa mara huchukuliwa kuwa ni hali ya mimba tu. Kipimo cha mkojo peke yake hakitoshi, kwa maana mjamzito mzima anaweza kupitisha sukari kidogo kwenye mkojo, na mwenye kisukari akaonekana hana. Kipimo cha kutegemewa ni cha damu. Kati ya wiki ya 24 na ya 28 mama huenda asubuhi bila kula, akapimwa, akanywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha akapimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013, ana kisukari cha mimba ikiwa kabla ya kunywa sukari imefika 5.1, au baada ya saa moja 10.0, au baada ya saa mbili 8.5. Kimoja tu kati ya hivyo chatosha. Vipimo vikiwa vikubwa zaidi ya kiasi, huenda kisukari kilikuwapo kabla ya mimba, na daktari atakuelezeni.

Si kila zahanati inayompima kila mjamzito. Kwa hiyo, dada, usingoje kuulizwa. Mweleze muuguzi mapema, mahudhurio ya kwanza kabisa, kama uliwahi kuzaa mtoto wa kilo nne au zaidi, kama mtoto alifia tumboni bila sababu kujulikana, kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja ana kisukari, kama una mwili mnene, kama umri umekwenda, au kama uliwahi kuambiwa una kisukari katika mimba iliyotangulia.

CHAKULA

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na kwa wengi ndipo dawa yote ilipo. Akina mama wengi sukari yao hutengemaa kwa chakula na kutembea tu.

Tuanze na chai ya asubuhi, kwa sababu asubuhi ndipo insulini ina nguvu kidogo kuliko wakati mwingine wa siku. Nasi ndio wakati tunaokunywa chai ya vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili au chapati! Mlo huo humpandisha mama sukari kuliko ugali wa mchana. Anywe chai ya maziwa bila sukari, yai la kuchemsha au maharage ya jana, na kipande kimoja cha mkate au kiazi kitamu kidogo. Uji si mwiko, ila uwe bakuli dogo, wa unga usiokobolewa, uungwe kwa karanga za kusaga au maziwa badala ya sukari. Asali nayo ni sukari, hata ikitoka kwa shemeji kijijini.

Mchana na jioni mgawanye sahani kwa macho. Nusu iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, kabichi, bamia. Robo iwe dagaa, samaki, maharage, kuku au nyama. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi au mihogo. Dona ni bora kuliko sembe, lakini dona mlima mzima bado ni mlima. Tunda moja dogo kwa wakati mmoja, lililotafunwa, si juisi. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina sukari kama vijiko saba au vinane vya chai, na juisi ya dukani haiko mbali nayo.

Asiruke mlo. Milo mitatu ya kiasi, na katikati yake kitu kidogo: karanga, parachichi, maziwa glasi moja. Usemi kwamba mjamzito anakula kwa ajili ya watu wawili umetunenepesha wengi bila kumsaidia huyo wa pili. Baada ya kula atembee robo saa au nusu saa, hata kama ni kuzunguka nyumba au kwenda kwa jirani. Misuli inayotembea huvuta sukari kutoka kwenye damu.

Lakini tusikimbilie upande wa pili. Tumeona mama aliyeogopa sukari akaishi kwa mchicha na maji hadi akapungua kilo, naye mimba ina miezi saba. Huko ni kumnyima mtoto. Ulaya na Marekani kuna ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi, unaowapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Ute wa mapafu na wa kongosho huwa mzito, chakula hakisagiki sawasawa, na mgonjwa hukonda. Zamani wasichana wengi wenye ugonjwa huo hawakufikia umri wa kuzaa. Kasoro ya urithi inayouleta ilitambuliwa mwaka 1989, na tangu dawa mpya ya mchanganyiko wa aina tatu iruhusiwe Marekani mwaka 2019, wengi wao wamepata watoto. Kwa kuwa kongosho yao imeharibika, kisukari huwashika kwa urahisi katika mimba, nao hupimwa mapema na kupimwa tena. Hata hivyo madaktari hawawaambii wapunguze chakula. Huwaambia wale, tena wale sana, pamoja na mafuta, na insulini ndiyo hupangwa kukifuata chakula. Basi hata kwetu, mama mwembamba mwenye kisukari cha mimba asipewe karatasi ile ile ya mama mwenye kilo mia. Uzito wake lazima uendelee kupanda, na kama chakula cha kutosha kinapandisha sukari, hapo ni dawa inayotakiwa.

SINDANO NA MAOMBI

Kwa kawaida tunataka sukari iwe chini ya 5.3 kabla ya kula asubuhi, na chini ya 7.8 saa moja baada ya kula. Ikikataa kushuka baada ya wiki moja au mbili za kula vizuri, daktari huandika vidonge vya metformini au sindano ya insulini. Tunajua mlio wa moyo mama anapolisikia neno sindano. Lakini kumbukeni tulivyosema: insulini haivuki kondo, haimgusi mtoto. Kabla ya Januari 1922, mtoto wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alipodungwa insulini huko Toronto, Kanada, ni wanawake wachache tu wenye kisukari walioweza kushika mimba na kuifikisha mwisho.

Sasa yatupasa kusema jambo linalotuuma. Wapo wanaowaambia akina mama katika mikutano ya maombi kwamba kuendelea na sindano ni kukosa imani. Mama huacha dawa kimya kimya, anarudi kliniki wiki mbili baadaye, nasi tunatafuta mapigo ya moyo wa mtoto hatuyapati. Sisi tunaomba, na tutaendelea kuomba pamoja nanyi. Lakini Isaya alipoletewa habari ya kupona kwa Hezekia aliagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu, na Luka aliyesafiri na Paulo alikuwa tabibu. Mama aombewe huku akidungwa.

Kufunga kula nako si kwa mjamzito mwenye sindano, awe amefunga siku moja au nusu siku. Insulini bila chakula hushusha sukari kwa ghafula: jasho la baridi, kutetemeka, njaa kali, macho kuona giza. Hapo apewe upesi vijiko vitatu vya sukari katika maji au nusu chupa ya soda, apimwe baada ya dakika kumi na tano, kisha ale. Kama hajitambui asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Wazee wa kanisa na wenzake katika kikundi wasimtazame kwa jicho baya anapokula wakati wengine wamefunga.

Wasio na friji wasikate tamaa. Chungu kimoja ndani ya kingine, mchanga uliolowa katikati, kitambaa kibichi juu, mahali penye kivuli na upepo, hutunza insulini ibaki ya baridi. Chupa iliyofunguliwa hudumu kama wiki nne. Isigandishwe kwenye barafu, na isiachwe juani au ndani ya gari.

Akina baba, kama gazeti hili limewafikia, vijiti vya kupimia sukari ndivyo vinavyomaliza fedha kuliko mashine yenyewe. Jipangieni pamoja. Na wewe mama, kuanzia mwezi wa saba zoea michezo ya mtoto wako. Akipunguza kucheza nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Kuzaa kwako kuwe hospitali, na tarehe ipangwe na daktari.

Mtoto akizaliwa anyonye ndani ya saa ya kwanza. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano ambayo bibi wengine huamuru yakamuliwe chini, ndiyo dawa yake ya sukari kushuka. Anyonye tena kila baada ya saa mbili au tatu, na apimwe sukari kisiginoni. Mama naye, mara nyingi sukari yake hurudi sawa ndani ya siku chache, na sindano ikasimamishwa.

Hapo ndipo wengi hutupotea. Aliyepata kisukari cha mimba ana hatari mara saba hata kumi ya kupata kisukari cha kudumu baadaye kuliko mwenzake. Apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kuzaa, na kila mwaka baada ya hapo. Mtoto anapopelekwa chanjo ya wiki sita, mama ameshafika kliniki kwa nauli hiyo hiyo. Aende bila kula chochote asubuhi, amweleze muuguzi, na chakula chake akibebe kwenye mfuko wa nepi, kwa kuwa foleni ya chanjo twaijua.