Msihesabu Miti, Ulizeni Wameandika Nini

Kuanzia maduka ya Ngara hadi ofisi za Westlands, hapa Nairobi, imani imeenea kwamba kampuni kubwa sasa ziko upande wetu katika suala la tabianchi. Wanaoamini hivyo wana ushahidi wao. Mkurugenzi alipanda mche katika msitu wa Karura. Wafanyakazi walivaa fulana za kijani wakaokota taka kando ya Mto Nairobi. Ripoti ya mwaka imejaa picha za sola. Basi lawama, wanasema, zibaki kwa serikali legevu na kwa mwananchi anayetupa taka ovyo.

Siikubali imani hiyo hata kidogo. Mti hupandwa mbele ya kamera, lakini sheria hulegezwa kwenye chumba cha kamati, kwa maandishi ambayo mimi na wewe hatuonyeshwi. Kampuni ipimwe kwa yale inayowaomba watunga sheria. Na aghalabu haiombi kwa jina lake. Hukituma chama chake.

Kila mfanyabiashara wa Ngara anaikumbuka marufuku ya mifuko ya plastiki. Ilitangazwa kwa notisi ya serikali ya Februari 28, 2017, Judi Wakhungu akiwa waziri wa mazingira, na ikaanza kutekelezwa Agosti 28. Majaribio ya mwaka 2007 na 2011 yalikuwa yameishia hewani. Safari hii pia Chama cha Watengenezaji Bidhaa Kenya (KAM) kilipinga vikali, kikionya kwamba viwanda zaidi ya 170 vingefungwa na ajira 60,000 kupotea. Waagizaji wa mifuko walikimbilia Mahakama Kuu, wakashindwa siku chache kabla ya tarehe ya kuanza.

Ulikuwa ushindi, na Kenya inastahili sifa zake. Lakini tazama ni nani aliyesikilizwa. Vifungashio vya msingi vya kiwandani, vile vinavyogusana na bidhaa pale pale inapotengenezwa, viliachwa nje ya marufuku. Ndiyo maana mkate bado unauzwa ndani ya plastiki. Mama mboga wa soko la Ngara hakupata msamaha wowote. Yeye akikutwa na juala la kufungia sukuma wiki, anakabiliwa na faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Sisemi mkate uuzwe wazi. Nasema mwenye kiwanda alikuwa na mlango wa kubisha, na mama mboga hakuwa nao.

Kuna atakayeuliza mifuko inahusianaje na tabianchi. Inahusiana sana: karibu plastiki yote hutengenezwa kwa mafuta na gesi, na kampuni za mafuta, zikiona magari yanaanza kuhamia umeme, zinaitazamia plastiki kama soko lao la kesho. Kwa hiyo mvutano huo ukafika hadi Washington. Aprili 2020, wakati Kenya na Marekani zikijiandaa kwa mazungumzo ya mkataba wa biashara, chama cha kampuni za kemikali za Marekani, American Chemistry Council, kiliiandikia ofisi ya biashara ya nchi hiyo. Kilitaka mkataba uizuie Kenya kuweka vikwazo kwa biashara ya plastiki, tena kikaitaja Kenya kuwa kituo kinachoweza kusambaza plastiki na kemikali za Marekani kote Afrika. Waandishi wa habari waliifichua barua hiyo Agosti 2020. Chama kilikana kwamba kililenga kuivunja marufuku yetu, na mkataba wenyewe haukufikiwa.

Sasa linganisha na hili. Januari 2019, ExxonMobil, Shell na Dow, zote zikiwa wanachama wa chama hicho hicho, zilikuwa kwenye muungano mpya uliotangaza lengo la kutumia dola bilioni 1.5 kumaliza taka za plastiki duniani. Tangazo lilitolewa hadharani, kwa shangwe. Barua ilikuja mwaka uliofuata, na kama si waandishi wale, hapa Ngara tusingeisikia.

Mambo haya hayafanyiki mbali. Novemba 2023, mataifa yalipokutana Gigiri, hapa hapa Nairobi, kujadili mkataba wa dunia wa plastiki, kituo cha sheria za mazingira CIEL kilihesabu washawishi 143 wa kampuni za mafuta na kemikali waliojiandikisha kuhudhuria. Miezi miwili kabla, Kongamano la Tabianchi la Afrika lilifanyika katika jumba la mikutano la KICC, mahali mtu wa Ngara anafika kwa miguu. Mashirika ya kiraia zaidi ya 500 yalikuwa yameshaandika barua ya wazi yakilalamika kwamba kampuni ya ushauri ya McKinsey imeiteka ajenda, na kwamba masoko ya kaboni yanatangulizwa mbele ya mahitaji ya Waafrika. Siku tatu kabla ya kongamano, Rais Ruto alikuwa ametia saini marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanayoyasimamia masoko hayo hayo.

Hoja ya ajira hutolewa kila mara, na ni nzito. Nchi yenye vijana wengi wasio na kazi haiwezi kuipuuza. Lakini ajira za fundi wa Grogan na muuza mitumba wa Ngara ni ajira pia. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliua watu karibu 300 nchini. Mto Nairobi ukifurika, na mitaro ikiwa imezibwa na chupa, wenye vibanda ndio wanaolowa na mali yao. Hakuna chama kinachopeleka hesabu ya hasara zao kwa kamati ya bunge.

Sidai kampuni zinyamazishwe. Katiba inalitaka bunge liwasikilize wananchi wote, na wenye viwanda wamo. Ninachokataa ni usiri. Marekani, pamoja na kasoro zake zote, tangu 1995 ina sheria inayowalazimisha washawishi wajisajili na watangaze wanamfanyia kazi nani na kuhusu nini. Kenya haina sheria kama hiyo, na mbunge wa eneo lako anapaswa kuulizwa kwa nini.

Hatuna haja ya kumsubiri, hata hivyo. Novemba 2024 kanuni za kumwajibisha mtengenezaji kwa taka za bidhaa zake zilichapishwa, baada ya miaka ya mivutano. Ni nani aliyeomba nini kabla hazijachapishwa? Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, Mkenya yeyote anaweza kuiandikia mamlaka ya mazingira NEMA, wizara ya mazingira au bunge na kuomba nakala za maoni yaliyowasilishwa na kampuni na vyama vyao. Huhitaji wakili, wala hulazimiki kueleza sababu. Andika kwa Kiswahili, sheria inaruhusu. Wana siku 21 za kukujibu.