Ukipona saratani ya damu, usiitupe kadi ya kliniki

MSOMAJI, kuna saratani ya damu ambayo huenda hujapata kuisikia. Wataalamu huiita leukemia ya seli zenye vinyweleo, kwa kuwa chembechembe nyeupe zilizougua zikitazamwa kwa darubini huonekana kana kwamba zimeota nywele. Ni maradhi nadra. Katika wagonjwa 100 wa leukemia, wawili hivi tu ndio walio nayo, na wengi wao ni wanaume wa makamo.

Dalili zake ni uchovu, maambukizo ya mara kwa mara na bandama kuvimba. Huku kwetu bandama likivimba, watu hufikiria malaria, na katika sehemu kama Baringo na Turkana, kalaazar. Si kosa, kwani hayo ndiyo magonjwa tuliyoyazoea. Lakini mtu aliyetibiwa malaria tena na tena na damu yake ingali pungufu anastahili kupimwa uboho wa mifupa.

Maradhi haya yalielezwa kwa kina mwaka 1958 na Dkt Bertha Bouroncle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani. Siku hizo tiba ilikuwa kulikata bandama. Mwaka 1984 dawa ya interferoni ilileta nafuu. Kisha mwaka 1990 madaktari wa Scripps, California, walitangaza matokeo ya kladribini, dawa ambayo mgonjwa hutiwa mshipani kwa siku saba tu na maradhi yakatulia kwa miaka mingi. Leo wengi wanaotibiwa vyema huishi karibu sawa na watu wengine wa rika lao.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka tulizungumze. Mtu akishapata nguvu, akarudi shambani au kazini, huona kliniki ni kupoteza nauli. Hajui kwamba katika kila wagonjwa 10, watatu au wanne huenda wakarudiwa na maradhi katika miaka 10 hivi. Wala hajaambiwa kuhusu saratani ya pili.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 3,104. Waligundua kuwa hatari ya kupata saratani nyingine ilizidi kidogo ile ya watu wa kawaida, hasa saratani za mitoki na ya tezi la shingoni. Uchunguzi mwingine haukuona ongezeko la maana. Mabingwa wangali wakibishana: je, ni dawa, ni maradhi yenyewe kudhoofisha kinga ya mwili, au ni kwa sababu wagonjwa sasa wanaishi hadi uzeeni, umri ambao saratani huzidi?

Wapo watakaosema kwamba kumtajia mgonjwa saratani ya pili ni kumtia hofu bure. Sikubaliani nao. Asiyeambiwa hupuuza uvimbe shingoni mpaka umekomaa, ilhali aliyeambiwa huuwahi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hivyo, daktari, siku unapomruhusu mgonjwa kwenda nyumbani, mwandikie barua inayotaja maradhi yake, dawa alizopewa na tarehe. Hospitali hubadilisha madaktari na mafaili hupotea, lakini barua iliyo mkononi mwa mwenyewe itamfaa hata baada ya miaka 20.

Nawe msomaji uliyepona, au uliye na mzee nyumbani aliyepona, hifadhi karatasi hizo pamoja na hati ya shamba. Pima damu kila daktari anapokuagiza, hata ukijihisi mzima. Ukiona uvimbe usioisha, jasho jingi la usiku, kukonda bila sababu au alama ya ngozi inayobadilika, usingoje. Acha sigara. Na popote uendapo kutibiwa, hata kwa kikohozi, anza kwa kusema: "Daktari, niliwahi kuugua saratani ya damu."